Kwenye Video Mpira Hauonekani

Jumapili, 7 Septemba 2025

Tumeshinda! Kumi na moja kwa tisa. Goti limechubuka, viganja vinawaka moto, na nina furaha ya kitoto. Nyasi za uwanja wetu hapa Randburg bado kavu, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Leo tulikuwa kumi na wanane — timu mbili kamili! Tangu mwalimu mmoja Mjapani atufundishe besiboli sekondari kule Tanga, sijawahi kuona timu mbili kamili. Hénock alirusha mpaka bega likagoma. Mkewe, Murielle, aligonga mmoja ukapita juu ya uzio, ukaangukia barabarani.

Jambo moja tu. Nilitoka kuufuata ule mpira. Nje kulikuwa na pikapu nyeupe, wanaume wawili ndani. Mwenye kofia ameshika mpira wetu. Nikamsalimia. Akauliza tuko wangapi. Kumi na wanane, nikasema. Kila Jumapili? Kila Jumapili. Akapandisha kioo, wakaondoka nao.

Kwa nini nilimjibu?

Jumanne, 9 Septemba

Dukani, Braamfontein. Niko kwenye cherehani, nashona sare za shule, mteja ananisogezea simu: hawa si nyinyi?

Ni sisi. Hénock anazungusha gongo mara mbili. Murielle nyuma yake na gongo lake begani. Mimi naonekana mgongo. Sauti ya mwanamume inasema maneno ya Kizulu, taratibu kabisa, kama anasoma taarifa ya habari. Sekunde kumi na moja. Mpira hauonekani hata mara moja! Wameukata.

Nikamtumia Lwazi, mdakaji wetu — mwanafunzi wa chuo, mwenyeji pekee kwenye timu. Akapiga simu badala ya kuandika. Hakutaka kutafsiri, nikamng'ang'ania. Eish, bra, akasema, yaani duh, kaka. Halafu akatafsiri: wageni wanajifunza kupigana na marungu, kila Jumapili, wako kumi na wanane, wenye mitaa yao wakae tayari.

Kumi na wanane. Kila Jumapili. Hayo yametoka kinywani mwangu.

Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 11 Septemba

Msimamizi wa Hénock ameiona ile video. Miaka sita analinda lango la jengo lile lile, hajakosa zamu hata moja. Wamemwambia akae nyumbani mpaka mambo yapoe.

Nimemkuta anasubiri basi na sare yake kwenye mfuko wa plastiki. Anacheka, lakini si kicheko chake, ananiambia kwa Kiswahili cha kwao: "Nimebaambia ni mchezo, kaka. Bananiuliza, mchezo gani? Nikaanza kueleza. Mtu anarusha, mtu anagonga, mtu anakimbia. Nikasikia mimi mwenyewe nafanana na muongo."

Ijumaa, 12 Septemba

Baada ya swala mtu nisiyemjua akaniuliza kama ni mimi yule wa kwenye video. Nikasema si mimi.

Nimesema uongo hata viatu sijavaa, bado niko mlangoni mwa msikiti.

Jumamosi, 13 Septemba

Kikao kwa Hénock na Murielle, Joubert Park. Ghorofa ya saba, lifti mbovu. Tulitegemea watu kumi na wanane, wamekuja watano. Karimu ametuma ujumbe kwamba mgongo unamuuma. Wengine hata mgongo hawakusingizia.

Murielle alikuwa anasuka mteja, hakuacha kusuka. Nikasema tupumzike wiki mbili tatu. Akanitazama kwenye kioo. "Shemeji, tukibaki nyumbani, ile video inakuwa kweli. Batasema, munaona? Tumebafukuza."

Hénock akasema hajui kama ana miguu ya kukimbia tena. Mwaka 2008, wageni walipopigwa mitaani, alikimbia na begi moja, alipitia paa la jirani. Murielle hakujua hilo la paa. Mikono yake ikasimama kichwani mwa mteja.

Hapo ndipo nilipowaambia. Kwamba idadi niliitoa mimi, na siku pia. Nilidhani watanifokea. Hénock akasema tu: "Ulimusalimia mutu. Ni kosa gani?" Afadhali angenifokea.

Lwazi akasema hao watu wanasema lugha yake, wakija ataongea nao yeye. Sharp, tukasema, sawa. Tukakubaliana: tunacheza, magongo mawili tu, mpira mkononi muda wote uonekane.

Wakati naondoka akanipigia simu Ntate Motaung, mzee mtunza uwanja. Nikaweka spika. Hakusema msije. Alisema: "Kesho mimi sitakuwepo. Lango nitaliacha wazi."

Miaka mitatu sijawahi kufika uwanjani nisimkute yule mzee.

Jumapili, 14 Septemba

Saa nane mchana. Tumefika wanane. Lango wazi, kibanda cha Ntate kimefungwa, hata redio yake kaondoka nayo. Tumegawana wanne kwa wanne. Si besiboli hii, lakini inatosha. Naandika nikiwa benchi, nasubiri zamu. Murielle kavaa fulana niliyoishona mwenyewe, namba nne mgongoni. Jua kali, hakuna upepo. Kwa dakika ishirini nilisahau kila kitu — naapa!

Saa nane na nusu. Pikapu nyeupe. Nyuma yake nyingine mbili, na teksi imejaa. Hawakupiga kelele, afadhali wangepiga. Wameshuka mmoja mmoja, wamejipanga kando ya uzio wote. Nimehesabu mpaka arobaini nikaacha. Wengine wana fimbo. Wote wana simu, wamezinyanyua.

Lwazi amevua glavu, amekwenda. Nilimwona anaongea, mikono inaonyesha vituo tunavyokimbilia, cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mwenye kofia anamsikiliza vizuri sana. Amemwekea mkono begani. Sasa Lwazi haongei. Amesimama upande wao wa uzio, mkono ule bado uko begani kwake, anatazama chini. Nimemwita kwa jina. Hajanyanyua kichwa.

Mmoja wetu akasema tuweke magongo chini, tunyanyue mikono. Hénock akakataa, kwa sauti ya chini, huku ameshika mpira juu watu wauone: "Tukiacha kucheza, hizi ni fimbo tu. Tuendelee." Amerusha. Murielle amechukua glavu ya Lwazi, anadaka yeye. Kila mpira ukiingia kwenye glavu unapiga kama mlango. Kule kwenye uzio hakuna anayecheka, hakuna anayeshangilia. Wanarekodi.

Polisi nimewapigia mara mbili. Wamesema gari liko njiani. Mara ya pili waliuliza na sisi tuna nini mikononi.

Sasa mtu anavuta lango, analifunga kwa ndani. Wamo ndani kama kumi hivi, wanapita kwenye mstari wa kituo cha tatu, wanatembea tu. Gongo liko chini mbele yangu. Nikiliokota, sekunde hizo ndizo watakazozikata na kuzisambaza. Nisipoliokota, mchezo umekwisha, na Hénock amesimama katikati peke yake na mpira mkononi, ananingoja.

Murielle amegeuka. Haogopi, au anajua kuficha.

"Shemeji Khatibu," anasema, "zamu yako."