Sindano ya Magunia

Mume wangu Ezekia,

Habari za Dodoma? Huku Mlowo tu wazima, na dada yako amejifungua salama.

Unauliza kama urudi gereji wakati mgongo bado unauma, ingawa daktari amekuruhusu. Mimi nilipoumia nikipakia mahindi kwenye ghala la tajiri wetu, daktari alisema nimepona, lakini niliogopa hata kuinama kufagia. Shoga yangu Tusekile akaniletea sindano ya magunia: "Njoo ushone hata moja." Nikashona huku tukimsema tajiri huyo na kucheka. Mchana nikageuka, nikaona safu nzima ya magunia niliyoshona kwa kuinama, na mgongo sikuukumbuka. Hakuna gunia langu lililofumuka njiani.

Siku za baridi mgongo bado unauma. Huwa naondoka nao hivyo hivyo kwenda shambani.

Mke wako, mshonaji