Aanze Aliye Chini

Mke wangu Mwanahawa binti Omari,

Salamu toka Lindi, nimefika salama. Tajiri wangu alinileta kwa ndege yake ndogo toka shambani Kibaha. Juu ya Kisarawe akawaita kwa redio waongozaji wa ndege wa Dar, akataja jina zima la ndege, neno kwa kila herufi: "Vikta, Roja, Tea, Chali, Beka." Kusikia Beka, jina langu la kwetu, nikaitika, "Naam!" Alicheka huyo!

Dar wakajibu, "Chali Beka," naye toka hapo akafupisha. Mbona hakufupisha mwanzo? Akasema hairuhusiwi, mpaka aanze aliye chini, si aliye hewani.

Tumeoana mwezi wa tatu sasa, bado waniita kwa jina zima kama karani wa kodi. Mwenzangu, anza wewe.

Mumeo,
Abubakari bin Seif, kwa sasa