Ukurasa Wangu wa "Get"

Jumanne, baada ya chakula

Sijutii kumpigia Mama kelele. Hata kidogo.

Wiki nzima nimehangaika na neno moja la Kiingereza, "get", lenye maana chungu nzima, nikitafuta Kihispania chake. Ukipata kazi ni conseguir. Ukipokea barua, recibir. Ukifika nyumbani, llegar. Ukielewa, entender. Nilijaza ukurasa mzima wa daftari, maana Ijumaa mwanamke mmoja wa Uhispania atanipigia simu kunihoji. Anatafuta mtu wa kwenda kutunza wazazi wake wazee huko kwao.

Leo jioni nikanunua viazi karai kwa Mama Otis, anayekaanga hapo chini kwenye geti la ploti tunayoishi. Akanifungia kwa karatasi ya daftari kama kawaida. Nikafungua, nikaona mwandiko wangu! Recibir limelowa mafuta, llegar limechanika katikati.

"Mama Otis, hii karatasi umetoa wapi?"

"Si mama yako aliniletea asubuhi? Alisema ni daftari lako la zamani la shule."

Nilipanda ngazi mbili mbili. Mama alikuwa anakata sukuma wiki, wala hakuinua kichwa.

"Nilidhani ni takataka," akasema. "Pole."

Pole! Miezi minne ya kusoma imeenda kufungia watu viazi, halafu naambiwa pole.

Na kwenye jalada la daftari hilo nilikuwa nimeandika kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa: UHISPANIA.

Mama amekuwa karani miaka ishirini. Sijawahi kumwona akitupa karatasi bila kuisoma.