Maelezo Kuhusu Kifo Ndani ya Tangi Namba Mbili

Jina: limehifadhiwa jaladani. Umri: miaka 26. Elimu: shahada ya sayansi. Kazi: msimamizi wa majitaka, kiwanda cha ngozi. Makazi: chumba cha kupanga, mtaa wa nyuma ya kiwanda. Uhusiano na marehemu: mpwa.

Ninaeleza kwamba majitaka ya kiwanda chetu husafishwa na bakteria wanaokula uchafu, nao huhitaji kupuliziwa hewa muda wote. Marehemu, kaka wa mama yangu, alikuwa fundi wa matangi kwa miaka kumi na tisa, na ndiye aliyeniombea kazi. Wenzake walimwita Pua, kwa kuwa alipima matangi kwa kunusa. Tulibishana juu ya hilo takriban kila siku. Nilimwambia pua si kipimo. Alinijibu, "Mjomba, hao wadudu wewe umewasoma, mimi nimeishi nao."

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa 2:10 asubuhi, tulifungua tangi namba mbili ili azibue mabomba ya hewa. Hewa ilikuwa imekatika siku tatu. Maji yalishatolewa, likabaki tope. Marehemu aliinamisha kichwa mlangoni.

"Mwanzo imenipiga kidogo, yai viza. Sasa hakuna kitu," alisema. "Haya, msomi, umeshinda: leo pua yangu haina kazi. Wadudu wako wamemaliza kazi. Niingie?"

Nilifahamu kwamba bakteria wakikosa hewa huzalisha gesi yenye harufu hiyo, na kwamba gesi hiyo ikizidi huzima uwezo wa kunusa kabla ya kumuua mtu. Nilikuwa nimeyasoma hayo zaidi ya mara moja. Lakini kwa miezi kumi na minne hakuwahi kuniambia nimeshinda. Nilijibu, "Ingia, Mjomba." Kipimo cha gesi kilikuwa ofisini, hatua arobaini kutoka pale.

Saa 2:16 alianguka kifudifudi. Nilipotaka kumfuata, mlinzi wa kiwanda aliyekuwa karibu alinikamata kiunoni: "Na wewe unataka kufa?" Zimamoto walimtoa saa 3:05.

Taarifa ya meneja inasema marehemu aliingia bila ruhusa. Si kweli. Meneja aliniambia, "Mzee ameshakwenda, kijana. Usijizike naye." Leo asubuhi mama amenipigia simu kuuliza kama kaka yake alikaidi amri. Nimekata simu, nikaja hapa kutoa maelezo.

Nimeyatoa maelezo haya kwa hiari, nimeyasoma, na ni ya kweli.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya afisa: Nimemwonya shahidi kwamba maneno yake kuhusu ruhusa yanaweza kumtia hatiani. Amesema yabaki. Ameomba nakala akamsomee mama yake. Nimempatia.