Kabla Kiraka Hakijawekwa

Mgodi wa Igembya,
S.L.P. 41, Shinyanga.
14 Novemba 1986

Dada Melania,

Shikamoo. Natumaini mguu umepata nafuu na mvua zimefika Ushirombo. Sisi tu wazima, ila mimi usingizi umenihama.

Kwanza, kwa majonzi makubwa, natangaza kuwa masharubu yangu hayapo tena. Kinyozi wa Maganzo alikosea upande mmoja, ikabidi na wa pili ufuate. Wifi yako Theopista anasema nafanana na mbuzi aliyenyeshewa.

Sasa habari ninayoizungukazunguka. Mwanao Otmar alisimamishwa kazi wiki tatu zilizopita. Kompyuta yetu ina kiini, programu iliyo chini ya programu zote, bawabu anayeamua nani afungue faili ipi. Ikaonekana kuna mtu amefungua faili za siri za Meneja kutoka meza ya Otmar. Kijana aliapa kwa Bikira Maria. Wakamwambia akaapie nyumbani.

Juzi watengenezaji wakaandika kwamba kiini kina tundu, bila kusema liko wapi. Jana utepe wenye programu ya kuliziba, wenyewe wanaiita kiraka, ukashuka na ndege Ibadakuli. Fundi Donatus akanitania kwamba akishaupakia, hata panya wa Igembya hatajua tundu lilikuwa wapi. Sikucheka.

Dada, aliyeingia ni mimi. Otmar alikwenda kunywa chai, nikakaa kitini pake. Mashine ikauliza jina, nikaandika lote kama Bruda alivyotufundisha shuleni: Pantaleo Mihayo Tarsisi Mageni. Kumbe waliacha nafasi ya jina fupi. Herufi zikafurika, bawabu akachanganyikiwa, milango yote ikafunguka. Ningeweza kuondoka. Nikatafuta orodha ya watakaopunguzwa kazi, nikajikuta wa tatu. Nikanyamaza. Walipomshika Otmar nikazidi kunyamaza, huku nikimpa pole.

Leo asubuhi nilimwomba Donatus asiupakie utepe kwanza. Tundu likishazibwa, nani angeniamini? Wangesema mjomba anamkingia mpwa wake. Nikamwita Meneja, nikaungama, nikaandika jina mbele yake. Faili zikafunguka. Akaniuliza kama nina majina mengine niliyomficha. Otmar anarudi kazini Jumatatu. Mimi nisubiri barua nyumbani. Kuhusu kumwambia Otmar, Meneja akasema nikamwambie mimi mwenyewe.

Sijamwambia. Yuko sebuleni anakula na Theopista. Amesikia tu kwamba nimemtetea, ameniletea kuku wa shukrani. Nikiweka kalamu chini naenda kumwambia, kuku akiwa bado hai, aweze kuondoka naye.

Wasalimie watoto na majirani wote. Ukinikasirikia, niandikie hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Pantaleo