Nyama Uliyosema Utaila

Mama,

Assalamu alaykum. Nakusalimia kwanza kwa sababu ulinifundisha kwamba hata mtu mliyegombana naye humpiti bila salamu. Basi nimesalimia. Sasa sikiliza, maana nina ugomvi na wewe.

Jana tulikuwa kwenye ile hoteli mpya ya kilimani, ile inayochoma vipande vya nyama vya kizungu. Ile uliyokuwa ukipita chini yake na beseni lako la dagaa, unatoka ziwani Kibirizi, halafu ukifika nyumbani unatuambia, "Huko juu wanakula ng'ombe kwa kisu na uma, utadhani wanampasua mgonjwa." Tulikuwa wanne: mimi, Kaka Issa, mkewe Salha, na Mama Mdogo Zena.

Arobaini yako ilikuwa juzi. Mtaa wote wa Buzebazeba ulikuja. Hitma ilisomwa vizuri, pilau lilitosha, hakuna aliyeondoka akinung'unika. Watu walipotawanyika Issa akasema, "Kesho mchana msipike. Kuna mahali nataka tukale, sisi wenyewe tu." Alipotaja hoteli nilikuwa nasugua sufuria. Nilitaka nimtupie.

Unajua kwa nini. Wewe kuliko mtu yeyote unajua kwa nini.

Miezi saba, Mama. Ilianza na tonge la ugali wa muhogo kukwama, ukasema ni mwiba wa samaki, wa mgebuka, utashuka. Haukushuka. Ukaacha ugali, ukaacha wali, ukabaki na uji, na uji wenyewe nikawa nauchuja kwa kitambaa mara mbili. Daktari alipoandika rufaa ya kwenda Dar, ukaikunja ile karatasi ukaitia chini ya godoro. Ukaniambia, "Nimeongea na Issa. Amesema tusubiri kwanza, atakuja mwenyewe kutuchukua."

Tukasubiri. Kila wiki nikikuuliza Issa kasemaje, jibu lilikuwa moja: "Anajua. Ana kazi nyingi huko Dodoma. Usimsumbue kaka yako." Siku moja nilimpigia bila wewe kujua. Nikamwambia, "Kaka, Mama anakusubiri." Akajibu kwa sauti ya furaha, kama mtu anayealikwa harusini, "Najua, najua, nakuja likizo!" Nikakata simu. Nikajiapiza sitampigia tena. Kama anajua mama yake anakufa na anaongea hivyo, mimi nimbembeleze?

Alifika siku moja baada ya maziko, na sanduku lake la magurudumu. Wanawake walilia wakamkumbatia. Mimi nilimwonyesha njia ya makaburini kwa kidole, nikarudi jikoni. Siku zote tatu alizokaa msibani hatukuzungumza ila mambo ya maji na mikeka. Akarudi Dodoma, akaja tena kwa ajili ya arobaini, bado hatuzungumzi.

Kwa hiyo hotelini nilikwenda kwa sababu ya Mama Mdogo. Alisema, "Mwamini, usipokwenda watu watajua." Nikavaa gauni la kijani, uso nimeufunga.

Walitukalisha karibu na dirisha la kioo. Chini ziwa lote, boti za kwenda Mwamgongo zinaondoka zimejaa magunia na watu wa kwenu. Vitambaa vya meza vyeupe, vimenyooka kama sanda. Samahani, lakini hivyo ndivyo nilivyoviona. Binti akatuletea vitabu vya vyakula vya jalada la ngozi, akamwamkia Mama Mdogo, kisha akauliza nyama iive kiasi gani.

"Iive," Mama Mdogo akasema. "Kwani kuna nyama ya kutoiva?"

Binti akaeleza kwa adabu kwamba wengine huipenda ikiwa na damudamu ndani, wengine katikati, wengine iive kabisa.

"Damu ni haramu, mwanangu. Iive mpaka ijutie. Na kachinja nani?"

"Ustadhi wa Ujiji, bibi. Anakuja kila asubuhi."

"Ustadhi yupi?"

Ilibidi yule binti ataje na mtaa. Salha alicheka mpaka akafuta machozi. Ungekuwepo ungecheka wewe kuliko wote, na hilo likanikasirisha zaidi, kwamba siku ya kuchekesha imekuja na wewe haupo na mimi siwezi kucheka.

Nyama ikaja juu ya vibao vya mti. Kila mtu na kipande chake, nene kama nusu tofali, kina mistari myeusi ya moto, na siagi juu yake inayeyuka inatambaa. Pembeni kisu chenye meno kama msumeno. Nitakuwa mwongo nikisema haikunukia. Nilikuwa na njaa pia. Tangu uugue nilikuwa nakula kwa kujificha, jikoni, nimesimama, usije ukasikia natafuna.

Issa hakugusa kisu. Alikiangalia tu kile kipande chake. Akasema, "Hii ilikuwa ahadi yangu na Mama."

Akaendelea mwenyewe. "Nilimwahidi nikija likizo nitamleta hapa. Kila nikipiga simu ananiuliza, ile nyama yangu ipo? Anasema samaki ni kazi, nyama ndiyo sikukuu. Hata wiki mbili kabla hajafa aliniambia, 'Issa, nitakula kipande kizima, na chako nitakumalizia.' Tulicheka sana siku hiyo."

Mama. Wiki mbili kabla hujafa.

Nikaweka uma chini. Nikamwambia, "Wiki mbili kabla hajafa Mama alikuwa hamezi hata maji. Nilikuwa nalowesha pamba namgusisha midomoni. Na wewe ulijua, ukakaa Dodoma unampigia hadithi za nyama."

"Nilijua nini?" Sauti yake ilipanda mpaka meza ya jirani wakageuka. "Mwamini, mimi kansa ya Mama nimeisikia msibani! Nimeambiwa na jirani, nimesimama na sanduku mkononi! Ulinificha miezi saba, halafu unaniangalia kama mimi ndiye niliyemuua."

"Sauti yake hukuisikia ilivyokwisha?"

"Alisema mafua. Alisema upepo wa ziwa."

"Aliniambia wewe ndiye uliyesema tusubiri. Ile rufaa ya Dar. Issa kasema tusubiri, Issa atakuja kutuchukua."

Akanitazama, mdomo wazi. "Rufaa gani?"

Hapo ndipo nilipokuelewa. Si polepole. Ilinijia yote kwa pamoja, kama niliyemwagiwa ndoo ya maji. Kila simu ya Issa ilipoita ulikuwa unaniambia, "Mwamini, kaangalie moto." Nikadhani unataka kumfaidi mwanao peke yako. Nikaenda. Moto hauna shida yoyote, mimi nimechuchumaa naupepea, na wewe ndani unajikusanyia sauti iliyobaki umchekeshe mwanao.

Tukamgeukia Mama Mdogo wote wawili. Alikuwa anaikata nyama yake vipande vidogo vidogo kama ya mtoto, hali hata kimoja.

"Aliniapisha," akasema. "Mkono wangu juu ya msahafu. Alisema Baba yenu alipofariki Issa aliacha chuo mwaka mzima, karibu apotee. Akasema safari hii akijua ataacha kazi, atakuja kukaa naye kitandani, na hatapata nyingine. Akasema hatakubali kifo kimwangushe mtoto mara mbili."

Issa aliinamisha kichwa kwenye kile kitambaa cheupe.

Nami nikauliza, "Na mimi?"

Mama, umesikia? Niliuliza mbele ya watu. Na mimi? Barua yangu ya chuo cha ualimu ilikuja mwezi wa pili wa ugonjwa wako. Uliiona. Ulitaka niisome kwa sauti, kisha ukaniambia, "Chuo hakihami, mwanangu, mwakani kipo." Nikaitia kabatini. Mimi sikuwa na kitu cha kuangushwa?

Mama Mdogo akanishika mkono. Akasema kwa upole, na upole wake ulinikata kuliko kile kisu, "Wewe ulikuwepo, mwanangu. Ulikuwa hapahapa."

Nilisimama, kiti kikaanguka. Nikasema, "Mama alikuwa mwongo."

"Astaghfirullah! Mwamini, usimseme marehemu hivyo."

Nikarudia. Na sasa nakuandikia ili iwe mara ya tatu na uisikie mwenyewe. Ulikuwa mwongo. Ulinifanya niamini mwanao hanijali mimi wala wewe. Ulimwambia yeye kuwa uko mzima. Uliichukua chuki yangu ukaielekeza kwa kaka yangu wa pekee, ukaiacha huko, ukafa. Ulidhani tukishakuzika tutaishi vipi? Ulidhani nani atatuambia? Au ulidhani hatutawahi kukaa meza moja?

Na pengine, Mama, pengine Dar wangekusaidia. Daktari hakuapa, lakini alisema tuwahi. Hatukuwahi. Hilo ndilo linaloniamsha. Hukuuficha ugonjwa tu. Uliificha na nafasi ya kupona.

Nikatoka nje kwenye ngazi. Wapishi walikuwa wamekaa kivulini wanakula wali na dagaa, wakanisogezea stuli bila kuuliza. Issa akanifuata baada ya muda. Alisimama, hakukaa.

"Ulinichukia miezi yote hiyo?"

"Ndiyo."

"Mimi nimekuchukia siku arobaini," akasema. "Nilidhani umenificha makusudi, ili uwe wewe mtoto mwema na mimi mbaya."

Nikamwambia siku ile nilipompigia nilipaswa kusema, Kaka, Mama anakufa. Maneno matatu tu, nikayabana kwa kiburi. Akasema naye alipaswa kunipigia tena nilipomkatia. Hatukukumbatiana, usijidanganye. Tulisimama pale kama watu wawili wanaosubiri gari moja.

Salha alikuwa amewaomba watufungie ile nyama. Nyumbani Mama Mdogo aliikatakata yote upya, akaitia kwenye sufuria na mawese na pilipili, eti sasa ndiyo itaiva. Nikasonga ugali. Tukala sinia moja kwa mikono. Issa anamega tonge huku machozi yanamdondoka na hajifuti. Ilikuwa tamu. Hilo nalo limeniudhi, kwamba ilikuwa tamu hivyo.

Kisha nikainua godoro lako nikampa ile karatasi ya rufaa. Akaisoma, akairudia, akaangalia tarehe. Akakaa kitandani kwako kama aliyesukumwa.

"Wiki ya tarehe hii nilikuwa likizo, Mwamini. Nilikuwa nyumbani, sina kazi. Nilimwambia nakuja. Akasema nisije, nyumba inapakwa chokaa, hakuna pa kulala."

Chokaa! Nyumba hii haijaonja chokaa tangu Baba afe. Tukazitazama kuta, mimi na yeye. Halafu tukacheka, Mama. Kicheko kibaya, cha kuumiza mbavu, mpaka Salha akaja mlangoni kutazama kama tumerukwa na akili. Tulipomaliza, Issa alikuwa analia kwa sauti, na mimi ndiye niliyemshika.

Basi habari ndizo hizo. Issa ameahirisha safari, ataondoka wiki ijayo. Leo asubuhi tumeanza kuulizana mambo tuliyoambiwa na wewe, moja moja, nani aliambiwa nini. Mengine ni kweli. Mengine hata Mama Mdogo anashika kichwa. Barua ya chuo muda wake umekwisha, nimeuliza, inabidi niombe upya na nianze foleni nyuma kabisa. Nitaomba. Issa alitaka kunisaidia kuandika, nikamkatalia, nikamwambia akae tu karibu wakati naandika. Amekaa.

Watu wananiambia nikusamehe haraka kwa sababu wewe ni marehemu na ni mama. Sitakudanganya ili kuwafurahisha. Waongo wamekwisha tosha katika nyumba hii. Bado nimekasirika. Naamka nimekasirika, nachota maji nimekasirika, na katikati ya hasira nakumbuka mkono wako ulivyopima joto la shingo yangu nikiwa mdogo, nalazimika kuketi chini.

Lala salama, Mama. Mungu akupunguzie kila uzito, hata huu ninaokuongezea mimi.

Nakuahidi hili, na kwangu ahadi ni neno la kweli: kuanzia sasa mimi na Issa tukiugua tutaambiana wenyewe, kwa midomo yetu. Na Ijumaa tutakuja makaburini wote wawili tukusomee Yasini. Issa ana sauti laini, unamjua. Ile nyingine kali utakayoisikia, isiyotaka kupungua hata kwenye aya za rehema, ni mimi. Nitasoma mpaka mwisho.

Mwanao,
Mwamini