Kati ya Ghorofa ya Tatu na ya Nne

Kwako kaka,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba goti lako limepunguza makelele. Mwambie wifi kitambaa alichonipa nimeshakishona gauni na limenikaa vizuri. Mimi kiafya sijambo, ila nimekaa sakafuni ndani ya lifti, lifti ileile uliyokuwa ukiitunza wewe, kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, tangu saa tatu asubuhi. Sasa inakaribia saa tano. Cheka sasa hivi kama utacheka, maana ukifika mbele huenda usiwe na hamu tena.

Simu haishiki mtandao humu. Mlinzi amefaulu kuupanua mlango wa ghorofa ya nne kiasi cha kiganja, na kwa hapo juu naona viatu vyake. Ndiye aliyenipa karatasi hizi, amezichana kwenye daftari la wageni, kwa hiyo nisamehe kwa mistari na safu zake: jina, anakwenda kwa nani, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Alitaka kuzima swichi kuu na kuiteremsha lifti kwa mkono, kama mlivyomfundisha. Nikamwomba asiguse. Amesema wengine wakikwama hulia watolewe, mimi nimekwama nalia niachwe, basi labda wahandisi wana vichwa vya aina yao.

Sababu iko hapa mbele ya macho yangu. Kwenye skrini ndogo juu ya vitufe, panapokaa namba ya ghorofa, pameandikwa KAKA NJOO UONE.

Ni yale maneno uliyoiambia kamati ya uchunguzi kwamba uliyakuta hapa siku ya ajali. Yule mama fundi cherehani wa ghorofa ya sita naye aliwaambia kwamba aliyasoma, kabla pumu haijambana akazirai, siku alipokwama humu ndani kwa saa mbili. Wakamjibu kwamba yeye alikosa hewa, na wewe umekosa la kusema. Ukaandikwa kwamba hukuikagua milango, na kwamba umetunga kisa ili ujitoe.

Ngoja nikueleze, na nitajitahidi kusema kama mtu mwenye spana mkononi. Sisi waandika programu hatutengenezi kila kitu upya. Tunachukua vipande vilivyokwisha kutengenezwa, tunaviita maktaba, tunaviunga na kazi yetu. Maktaba inayosoma vitambuzi vya milango tunayo ya aina mbili. Ya kwanza ni ya majaribio, ya pale mezani kwangu. Ikiona jambo dogo lisilo la kawaida inasimamisha kila kitu, inaandika ujumbe, na inangoja mtu abonyeze kitufe kwenye kibodi. Ya pili ni ya kazi. Ikiona jambo hilohilo inaliweka kwenye kumbukumbu, inafungua mlango, inafunga tena, safari inaendelea. Ile ya kwanza haitakiwi kutoka ofisini, kwa sababu ndani ya lifti hakuna kibodi, na yenyewe haijui kuchoka kungoja.

Ujumbe wake niliuandika mimi. Ulikuwa mzaha wangu peke yangu. Unakumbuka uliponifundisha kuunga nyaya za redio kwenye meza ya mama, nikikwama nilikuwa napaza sauti hivyohivyo, nawe unaacha sahani yako unakuja.

Sasa, ipo faili inayoamua ni maktaba gani iungwe. Humo niliandika sharti: kama toleo linaitwa Kazi, unga maktaba ya kazi, vinginevyo, unga ya majaribio. Siku ya kuandaa programu ya lifti hii, mwenzangu aliandika kazi kwa herufi ndogo. Kwangu na kwako ni neno lilelile. Kompyuta iliona ni neno jingine, na haikuuliza mtu, ikaenda zake kwenye vinginevyo. Simlaumu mwenzangu. Ningeweza kuandika kwamba jina lisilojulikana likataliwe, kazi isimame palepale ofisini. Niliona uvivu. Hiyo vinginevyo yangu ndiyo iliyomfungia yule mama, na ndiyo iliyokuponza wewe.

Jumapili ile kwa mama, ulipotusimulia habari ya skrini, wifi alicheka, na mama akasema mashine za siku hizi zinajua mpaka ukoo wa mtu. Wewe hukucheka. Uliniangalia mimi, ukaniuliza kwa upole kama mtambo wetu unaweza kuandika kitu kama hicho. Nilijua papo hapo, kaka. Nikakujibu kwamba haiwezekani, nikainuka kukusanya vyombo, hata sahani ambazo watu walikuwa hawajazimaliza.

Kesho yake mkuu wa kitengo akaniletea taarifa ya kwenda kwa kamati, kwamba programu imekaguliwa na haina kasoro. Nikatia sahihi. Karatasi waliyokusomea siku ulipotakiwa kurudisha funguo za chumba cha mashine, sahihi iliyo chini yake ni yangu. Alhamisi watakaa tena, na najua wanachotaka ni cheti chako. Miaka kumi na tisa ya ufundi, halafu usiruhusiwe kugusa hata kitufe cha lifti.

Ungependa kusikia kwamba leo nimekuja kukutetea. Hata mimi ningependa kuandika hivyo. Mkobani nina programu mpya, iliyoungwa na maktaba sahihi. Nilikuwa nakwenda juu kwenye chumba cha mashine kuiweka kimyakimya, ili ikifika Alhamisi kusiwe na chochote ndani ya mtambo huu cha kuwaunga mkono wewe na yule mama. Nilishajiambia kwamba nikiirekebisha hakuna atakayekwama tena, na kwamba wewe ni fundi hodari, hukosi pa kushika. Ningepanda ngazi ningekuwa nimemaliza kitambo, ila uvivu wangu unaujua. Mlango ulipofunga, mkanda wa mkoba ukanaswa, lifti ikapanda mpaka hapa, kitambuzi kikatuma namba isiyoeleweka, lifti ikasimama, ikaanza kukuita wewe.

Feni imekufa pamoja na lifti. Joto ni kali, na nikinyoosha miguu inagusa ukuta wa pili. Naogopa, sitakuficha. Namfikiria yule mama akiyasoma maneno haya bila kujua kaka ni nani, wala atakuja lini. Mlinzi akizima swichi kuu yanafutika mara moja. Nami nitatoka, nitapanda ghorofa zilizobaki kwa miguu, nitamaliza nilichokuja kufanya. Mara mbili nimefungua kinywa nimwambie azime. Ndiyo maana naandika haraka na kumpa barua atume mtu akuletee, kabla sijafungua mara ya tatu.

Ofisi ya katibu wa kamati iko mtaa wa nyuma yako. Njoo naye. Aiangalie skrini kwa macho yake kupitia upenyo, kisha asome barua hii yote, pamoja na habari ya sahihi na ya mkoba. Akishasoma, mlinzi atakupa ufunguo wa chumba cha mashine, maana mtu mwingine kunitoa humu sitaki. Kama moyo unakukataza kuja, sitakulaumu. Mpe katibu barua aje peke yake. Mimi nitangoja.

Nisalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao yupo. Mama usimwambie bado, asije akapanda ngazi zote hizi kunigombeza kupitia tundu la mlango. Naijaza karatasi ya mlinzi kama inavyotakiwa, isije ikaonekana nimeiharibu bure.

Jina: mdogo wako.
Anakwenda kwa nani: kwa kaka yake.
Saa ya kuingia: saa tatu asubuhi.
Saa ya kutoka: utaijaza wewe.